Chikungunya: Nasaba ya Kirusi Haitoshi Bila Rejista ya Zahanati

Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kwamba chikungunya, homa ya kirusi inayoenezwa na mbu, inaonyesha dalili zile zile zilizoonekana miaka ishirini iliyotangulia, ugonjwa huo ulipozuka katika eneo la Bahari ya Hindi na kutapakaa hadi mabara mengine. Kisiwa cha Réunion kilikuwa kimeshaelemewa. Ilikadiriwa kuwa theluthi moja ya wakazi wake wameambukizwa. Kenya, Somalia na Madagascar zilitajwa miongoni mwa mahali kirusi kinakoenea. Habari hiyo ilipotufikia Pwani, watu waliiongezea mambo mawili yasiyokuwamo. La kwanza ni kuwa huu ni ugonjwa wa Lamu, kwa sababu wimbi lile la zamani lilionekana huku kwanza, mwaka 2004. La pili husemwa kwa matumaini: kwamba safari hii hatutashtukizwa, maana siku hizi zipo mashine za kusoma jenomu ya kirusi, yaani mfuatano mzima wa herufi za urithi wake, na programu za kompyuta za kukadiria ugonjwa utaelekea wapi.

Lawama ile na matumaini haya yana mzizi mmoja, nao ni kuichukulia jenomu kama shahidi aliyeona kila kitu. Jenomu ni nasaba. Lamu hatuhitaji kufundishwa nasaba ni nini. Mtu atakuhesabia mababu zake mpaka Hadhramaut, akuonyeshe jamaa zake wa Pate, Siyu na Mombasa, na asikosee hata jina moja. Lakini nasaba hiyo haikwambii babu alikuja na jahazi gani, aliteremka bandari ipi kwanza, wala ni wangapi waliokuja naye wakafa bila kuacha kizazi. Ninachoshikilia katika makala haya ni kuwa jenomu huwa na nguvu pale tu inapowekwa pamoja na takwimu za kawaida kabisa, yaani nani aliugua, lini, wapi, maji yake anayahifadhi katika nini, na damu yake ina kinga gani. Katika pwani hii mashine za kusoma jenomu tunazo, tena karibu, pale Kilifi kwenye kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na mfuko wa Uingereza wa Wellcome Trust kilichoanza mwaka 1989. Tunachopungukiwa ni hizo takwimu za kawaida.

Tuanze na 2004, kwa sababu mlipuko ule wa Lamu ni mmoja wa milipuko iliyochunguzwa kwa macho tofauti, na kila jicho liliona kitu ambacho mengine hayakukiona. Homa ilianza kutapakaa kisiwani katikati ya mwaka, na viungo vikawauma watu hadi waliokuwa na nguvu zao wakashindwa kuinuka kitandani. Wagonjwa walioripotiwa walikuwa kama 1,300. Oktoba watafiti walipima damu za wakazi kutafuta kingamwili, wakakuta asilimia 75 wamekwisha kuambukizwa. Kwa kisiwa kilichokadiriwa kuwa na watu 18,000 wakati huo, hao ni kama 13,500. Kwa maneno mengine, kila aliyeandikwa katika daftari la hospitali alikuwa anawakilisha watu kumi hivi. Modeli yoyote ya hisabati ambayo ingetegemea daftari peke yake ingeona mlipuko mdogo unaoendelea polepole, ilhali kisiwa kilikuwa kimeshaungua na kuni zimekaribia kwisha.

Watafiti wengine walitazama hali ya hewa, na walilolikuta linakwenda kinyume na tulivyozoea kufikiri kuhusu mbu. Miezi iliyotangulia ilikuwa kavu na yenye joto kupita kawaida. Mvua ikikosekana, watu huweka akiba ya maji ndani ya nyumba, na mitungi, mapipa na majabia ndiyo makazi anayoyapenda Aedes aegypti, mbu anayeuma mchana na kuishi na binadamu chini ya paa moja. Pengine maji hayo hayabadilishwi kwa wiki nzima kwa sababu ni ghali kuyapata. Hakuna herufi hata moja ndani ya jenomu ya chikungunya inayotaja ukame, wala mtungi.

Kisha ikaja zamu ya nasaba. Mwishoni mwa 2004 kirusi kilikuwa Mombasa, mwanzoni mwa 2005 kikawa Comoro, halafu Réunion ambako watu wapatao 266,000 waliugua, na India ambako washukiwa walipita milioni 1.3. Sampuli ziliposomwa, zilionekana kuwa za ukoo mmoja mkubwa wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Ndani yake kulikuwa na badiliko moja dogo katika protini ya ganda la kirusi iitwayo E1, nafasi ya 226. Badiliko hilo lilikirahisishia kirusi kuishi ndani ya mbu mwingine, Aedes albopictus, ambaye ndiye aliyekuwa akikieneza Réunion. Lakini sampuli za mwanzo za Réunion hazikuwa nalo. Lilionekana katika zile za baadaye, na huko likafikia zaidi ya asilimia 90. Uchambuzi wa miaka iliyofuata ukaonyesha pia kuwa mlipuko wa visiwani na ule wa India ilitoka bara la Afrika Mashariki kila mmoja kwa njia yake.

Kwa hiyo anayesema kirusi kilichoitesa dunia kilitengenezeka Lamu amekosea mara mbili. Badiliko lililokipa kasi kule Réunion halikutoka kwetu, na safari za kutoka bara hazikuwa moja. Lipo na kosa la tatu, ambalo ni gumu zaidi kulitambua. Lamu ndipo ugonjwa ulipogunduliwa na kupimwa. Hilo halithibitishi kuwa ndipo ulipoanzia. Kirusi chenyewe kilijulikana tangu mlipuko wa 1952 na 1953 katika nyanda za Makonde, kusini mwa Tanganyika. Kati ya mwaka ule na 2004 kuna zaidi ya miaka hamsini na pwani ndefu ambayo sehemu zake nyingi hakuna aliyekwenda kutoa watu damu. Mahali pasipopimwa hapaingii katika nasaba, na programu ya kompyuta haina namna ya kujua kuwa pamekosekana.

Hapa inafaa kueleza kidogo kazi hii inafanywaje, maana kutokuelewa kwingi kunaanzia hapa. Kirusi kinapojinakili hukosea herufi moja moja. Makosa hayo hujilimbikiza kwa kasi inayoweza kukadiriwa, kwa hiyo ukilinganisha sampuli mbili zenye tarehe, unaweza kukisia zilitengana lini. Ukiwa na mamia ya sampuli unachora mti wa ukoo, na umbo la mti lenyewe linasema jambo: matawi mengi yaliyochipuka kwa mpigo ni ishara ya maambukizi yaliyokuwa yakiongezeka haraka. Hesabu hizo huunganishwa na modeli ya kawaida ya maambukizi ili kukadiria ni watu wangapi huambukizwa na mgonjwa mmoja. Lakini kasi ya makosa ina mpaka. Kirusi cha korona kina herufi zipatazo 30,000 na hubadilika kama mara mbili kwa mwezi. Mtu akimwambukiza mwenzake ndani ya siku tano, mara nyingi jenomu zao zitakuwa sawa herufi kwa herufi. Nani alimwambukiza nani? Jenomu itanyamaza. Itabidi urudi kuuliza nani alianza kuhisi homa, na siku gani.

Mfano mzuri wa hili ulifanyika jirani. Kati ya Desemba 2009 na Juni 2010, watafiti wa Kilifi walifuatilia familia 47, watu karibu 500, wakichukua sampuli za puani mara mbili kwa wiki, mtu awe anaumwa au haumwi, ili kujua kirusi cha RSV kinachoshambulia mapafu ya watoto wachanga kinaingiaje nyumbani. Kwa tarehe peke yake ilionekana kuwa mara nyingi wanaokileta ni ndugu wakubwa wanaokwenda shule. Jenomu ziliposomwa baadaye, ikabainika kuwa katika nyumba kadhaa kirusi kiliingia zaidi ya mara moja, jambo ambalo tarehe zisingelionyesha kamwe. Na katika nyumba ambazo jenomu zilifanana mno, ni tarehe zilizosaidia kupanga nani alitangulia. Ndugu zangu wanaoshabikia mashine peke yake wautazame utafiti huu kwa makini: gharama yake kubwa ilikuwa ni watu kutembea nyumba kwa nyumba, wiki baada ya wiki.

Sasa tuje kwenye korona, ambako ndiko takwimu za jenomu za Pwani zilikokusanywa kwa wingi. Jenomu 1,139 zilisomwa kutoka kaunti zote sita za Pwani, Lamu ikiwemo, za kati ya Machi 2020 na Februari 2021. Makadirio yakawa kwamba kirusi kiliingizwa Pwani kutoka nje mara 280 hivi, Mombasa ikiwa lango kuu, na mara nyingi kati ya hizo zilikuwa katika wimbi la kwanza, wakati ambapo vizuizi vingi vya serikali vilikuwa bado vinatumika. Katika wimbi la pili, maambukizi ya kaunti kwa kaunti ndiyo yaliyotawala. Hayo ni maarifa makubwa, na bila jenomu tusingeyapata. Yanamwambia mpangaji kuwa hatua ya kufunga milango ya nje ina wakati wake, na wakati huo ukipita nguvu zote zihamie ndani.

Ila tazama jinsi maarifa hayo hayo yanavyoweza kupotoshwa. Miongoni mwa koo zilizoonekana ni ule ulioitwa N.8, uliohesabiwa kuwa wa Kenya, na Lamu ni mojawapo ya mahali ulipoonekana. Kwa mpangilio wa majina, N.8 ni tawi la ukoo B.1.1.33, ambao ulijulikana zaidi Brazil. Msomaji wa haraka atasema basi, kuna mtalii alitoka Brazil akaja Shela. Inawezekana. Lakini inawezekana pia kirusi kilipita nchi tatu ambazo hazikusoma sampuli hata moja, kikafika na baharia, dereva wa lori au Mkenya aliyekuwa anarudi nyumbani, na mti wa ukoo ungechorwa vile vile bila tofauti. Mshale unaochorwa kwenye ramani kati ya mahali pawili unapita juu ya kila mahali pasipopimwa. Penye sampuli nyingi huonekana kama chanzo, na penye chache huonekana kama panapokea tu, hata kama ukweli ni kinyume. Yapo marekebisho ya kihisabati ya kupunguza kasoro hiyo, na wachambuzi wazuri huyatumia, lakini hakuna hesabu inayoweza kuleta sampuli ambayo haikuchukuliwa Kizingitini.

Wapo wanaokwenda upande wa pili kabisa. Wanasema: chikungunya haina dawa mahsusi, mgonjwa anapewa ya kutuliza maumivu na kuambiwa anywe maji, na kinga ni kufunika mitungi. Jenomu ya nini? Hoja hii naiheshimu, kwa sababu hutolewa na wahudumu wa zahanati ambao hawana hata vipimo vya kutosha vya malaria. Na kwa mgonjwa mmoja aliye mbele yako ni kweli tupu. Kwa mji mzima si kweli. Badiliko lile la E1 226 lilikuwa linaeleza ni mbu gani wa kupambana naye. Na katika milipuko ya Mandera mwaka 2016 na Mombasa mwaka 2017 hadi 2018, jenomu zilionyesha mabadiliko mengine mawili, moja katika E1 na moja katika E2, protini nyingine ya ganda, yanayohusishwa na kirusi kustawi zaidi ndani ya Aedes aegypti, yaani mbu wetu huyu huyu wa majabia. Hilo ni jambo la kumfanya ofisa wa afya abadilishe bajeti: fedha ziende kwenye maji yaliyohifadhiwa nyumbani badala ya kupuliza dawa vichakani.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya kuwa modeli ni ramli. Ushahidi wake ni mmoja: mwaka 2020 tuliambiwa watu watakufa kwa maelfu mengi na halikutokea. Kwanza, modeli nyingi za wakati ule zilikuwa zinasema kitakachotokea ikiwa hakuna hatua itakayochukuliwa, na hatua zilichukuliwa. Pili, pale zilipokosea kweli, kilichozirekebisha ni takwimu. Damu za wachangiaji zilizopimwa kati ya Aprili na Juni 2020 zilionyesha kingamwili katika asilimia 4.3 ya watu nchini, na asilimia 8 Mombasa, ilhali kufikia mwisho wa Mei visa vilivyothibitishwa Kenya nzima vilikuwa kama elfu mbili tu. Maambukizi yalikuwa mengi kuliko yaliyohesabiwa, na vifo vichache kuliko ilivyotarajiwa kwa maambukizi mengi kiasi hicho. Modeli zikapangwa upya kwa takwimu hizo, na baadaye wachambuzi wakaweza kueleza kwa nini mawimbi yalifuatana, kwa kutenganisha wanaolazimika kutoka kila siku kutafuta riziki na wale wanaoweza kukaa nyumbani. Mpiga ramli hajirekebishi akiletewa damu za watu elfu tatu.

Kuna wasiwasi mmoja ambao wataalamu huupuuza na mimi naona hawatendi haki. Anayepima sana ndiye anayetajwa. Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini walitangaza aina ya korona iliyokuja kuitwa Omicron, na malipo yao yalikuwa kufungiwa safari za ndege ndani ya siku chache. Mwenye hoteli ya Watamu au nyumba ya wageni Lamu, ambaye mwaka mzima anategemea miezi michache, ana sababu ya kuogopa jina la mji wake kuwekwa kwenye mshale wa ramani. Huwezi kumjibu kwa kumwambia sayansi haina mipaka. Anayechapisha ramani anapaswa kuandika, pale pale juu ya ramani na si katika ukurasa wa nyuma, kuwa mahali fulani palipimwa mara nyingi na fulani hapakupimwa. Sentensi hiyo moja ingeondoa nusu ya lawama ambayo Lamu imeibeba.

Kuhusu safari za watu, modeli zina pengo ambalo sisi wenyewe tunaweza kuliziba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulitumia kumbukumbu za simu za Wakenya karibu milioni 15 kuonyesha jinsi vimelea vya malaria vinavyosafirishwa na watu kutoka eneo la Ziwa Victoria. Ulikuwa utafiti wa kupigiwa mfano. Lakini mvuvi anayevuka kwenda Kiunga na simu yake imezimwa hayumo, na ukitazama mwaka mzima kwa wastani, zile siku za Maulidi ambapo boti za Mokowe hazipumziki zitamezwa ndani ya wastani. Orodha za abiria na hesabu za manahodha zinajua zaidi.

Tukirudi kwenye tahadhari ya 2025, swali la maana kwa Lamu na Malindi ni wangapi kati yetu wana kinga, na ni wa umri gani. Tufanye hesabu rahisi ya mfano. Tuseme mgonjwa mmoja, kupitia mbu, huambukiza watatu katika jamii isiyo na kinga yoyote. Robo tatu ya watu wakiwa na kinga, kama ilivyokuwa kisiwani baada ya 2004, wale watatu hupungua hadi chini ya mmoja, na ugonjwa huzimika wenyewe hata kirusi kikiletwa kila wiki. Kinga ikishuka hadi nusu, mgonjwa mmoja huambukiza mmoja na nusu, na mlipuko unaweza kushika tena. Kinga ya chikungunya inaaminika kudumu miaka mingi, lakini watu hawadumu katika umri mmoja. Karibu nusu ya Wakenya wamezaliwa baada ya mwaka ule. Isitoshe, vipimo vya Oktoba 2004 vilikuwa vya kisiwa cha Lamu, wakati sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti nzima, wengi wao wakiwa Mpeketoni, Witu, Hindi na visiwa vingine ambako wimbi lile huenda lilifika au halikufika.

Kwa hiyo kama ningeulizwa fedha chache zilizopo ziende wapi kwanza, ningesema ziende kwenye kupima kingamwili kwa kufuata umri: watoto, vijana, watu wazima, wa Lamu mjini, Faza, Mpeketoni na Malindi, sampuli chache kila mahali lakini zilizochaguliwa kwa mpango. Kipimo hicho kingezipa modeli namba ambayo jenomu mia moja haziwezi kuitoa. Baada ya hapo zahanati ziwezeshwe kuandika mambo matatu katika rejista kwa kila mwenye homa na maumivu ya viungo, yaani siku dalili zilipoanza, mtaa anakolala, na alikosafiri wiki mbili zilizopita, na sampuli moja kati ya kadhaa ipelekwe Kilifi ikiwa imeandamana na maelezo hayo. Sampuli isiyo na tarehe haifai hata kuchora mti. Damu hiyo hiyo ipimwe dengue pia, kwani Malindi ndiko mlipuko wa dengue wa 1982 ulikothibitishwa, na anayeieneza ni Aedes aegypti yule yule. Matokeo yarudishwe kwanza kwa zahanati zilizotoa sampuli, kabla hayajachorewa ramani.